Shule Nyingi za Uongozi: Mafunzo Yatokayo katika Maisha ya Waliotutangulia



Kila mwaka ripoti ya chama hueleza fedha zilizoingia na zilizotoka, wagonjwa waliosaidiwa, maiti waliosafirishwa na watoto waliolipiwa karo. Mambo hayo yana kurasa zake. Ukurasa huu umetengwa kwa jambo lisiloandikwa katika daftari la mweka hazina, nalo ni jambo la watu tunaowakabidhi daftari lenyewe. Katika vyama vyetu kuna mabishano ya siku nyingi. Wengine husema kiongozi sharti awe mtu wa shule, ajuaye kuandika barua na kusema na wakubwa. Wengine husema kiongozi ni mwenye mvi, kwani kuishi kwingi ni kuona mengi. Tena wako wasemao kwamba mwenye duka ndiye ajuaye fedha, na asiyeweza kuendesha mali yake hawezi kuendesha mali ya wenzake.

Kubishana hivyo si kosa. Bali inafaa kabla ya kuamua tuwatazame watu waliopata kuongoza katika nchi yetu ya Kenya, tuone kila mmoja alipata wapi elimu yake ya uongozi, ilimfikisha wapi, na ilimpungukia wapi. Mmoja alikuwa mama mjane asiyejua kusoma. Mmoja alikuwa mpiga simu wa Serikali. Wengine walikuwa walimu, na mwingine alikuwa mkaguzi wa afya mjini. Hawakufanana kwa kabila wala kwa kazi, na kwa sababu hiyo wanafaa kuwekwa pamoja.

MAMA WA KIGIRIAMA

Tuanze pwani. Mnamo mwaka wa 1913 Serikali ya Kiingereza ilikuwa ikiwataka Wagiriama walipe kodi ya nyumba na kutoa vijana wao wakafanye kazi katika mashamba ya wageni. Wagiriama hawakuwa na mfalme. Shauri lao kwa desturi lilikuwa la wazee wa kaya, na kwa wakati ule nguvu ya kaya ilikuwa imepungua, kwa maana watu walikuwa wametawanyika kutafuta ardhi ya kulima, na machifu waliowekwa na Serikali walikuwa hawana heshima ya kutosha mbele ya watu.

Katika hali hiyo alitokea Mekatilili wa Menza, mama mjane. Hakuwa chifu wala mwana wa chifu, wala hakupata kukaa darasani. Elimu yake ilikuwa ya kuwajua watu wake. Alijua ngoma ya mazishi iitwayo kifudu, akaicheza kijiji kwa kijiji, na watu walipokusanyika kuitazama akawaeleza habari ya vijana wao na ardhi yao. Alijua pia kwamba neno tupu husahaulika, lakini kiapo hakisahauliki. Basi yeye pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu Kaya Fungo, wakala viapo vya kukataa kazi ya Serikali; wanawake kiapo chao na wanaume chao.

Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakapelekwa mbali sana, Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakafunga safari ya kurudi kwao kwa miguu, mamia ya maili, wakafika. Walikamatwa tena mwaka huo huo. Agosti 1914 Serikali ikaibomoa Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikafuata ambavyo viliwaumiza sana Wagiriama. Mekatilili mwenyewe aliruhusiwa kurudi mwaka wa 1919, akawa na kiti chake miongoni mwa wazee.

Tukitazama vema tutaona kwamba mama huyu hakuanzisha chombo kipya. Alichukua vilivyokuwapo, yaani ngoma, kiapo na kaya, akavipa kazi ya siku zile. Mara nyingi sisi katika vyama hupenda kuanzisha kamati mpya kila linapotokea jambo, hali makundi ya akina mama, ya marika na ya majirani yamekwisha kuwapo na watu wamekwisha kuyazoea. Kadhalika tuangalie kwamba hakuwafunga wanaume peke yao na kuwaacha wake zao nje ya agano. Alijua kwamba nyumba iliyogawanyika jikoni haiwezi kusimama barazani.

MPIGA SIMU WA NAIROBI

Sasa twende Nairobi, miaka michache baadaye. Harry Thuku alizaliwa mwaka wa 1895 katika wilaya ya Kiambu, akasoma kidogo katika shule ya misioni huko Kambui, kisha mwaka wa 1911 akaenda mjini kutafuta kazi. Maisha yake mjini hayakuanza vizuri. Mwaka huo huo wa 1911 alihukumiwa kifungo cha miaka 2 kwa kosa la kughushi hundi. Alipotoka alipata kazi katika kiwanda cha kupiga chapa gazeti la walowezi lililoitwa Leader, na huko akajifunza kupanga herufi. Baadaye akawa mpiga simu katika ofisi ya Hazina ya Serikali.

Inafaa tutulie kidogo katika kazi hizo mbili. Apangaye herufi za gazeti la walowezi husoma kila siku yale wayasemayo walowezi wao kwa wao. Naye akaaye kwenye simu ya Hazina huona jinsi neno moja lisemwavyo asubuhi linavyokuwa amri jioni. Thuku hakwenda chuo kikuu, lakini kwa hakika alisoma Serikali kutoka ndani yake. Ndiyo sababu mwaka wa 1921, walowezi walipokubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, na kodi ikiwa imepandishwa mpaka shilingi 16, na kipande kikiwa kimekwisha kuvishwa shingoni mwa kila mwanamume wa kazi, yeye na wenzake walijua la kufanya. Walianzisha Young Kikuyu Association, na baada ya muda mfupi wakaliacha jina la kabila moja, wakakiita chama chao East African Association, ili kila mfanya kazi wa mjini apate kuingia, awe Mkikuyu au Mluo, Mkamba au Mganda.

Palikuwa na chama kingine, Kikuyu Association, cha machifu na wazee wa Kiambu. Nao walikuwa na malalamiko yao, hasa juu ya ardhi. Mwezi wa Juni 1921 vijana wa mjini na wazee hao walikutana Dagoretti kupeleka malalamiko mbele ya wakubwa wa Serikali. Kwa kitambo kidogo ilionekana kana kwamba wazee na vijana watakuwa kitu kimoja. Lakini mwezi wa Julai Thuku alipeleka simu ya maandishi London kwa jina la watu, na ndani yake aliwataja Wahindi kuwa marafiki wa Waafrika, wa pili baada ya wamisionari. Machifu hawakupendezwa hata kidogo. Walisema hawakuulizwa, tena neno lile halikuwa lao. Wamisionari nao wakakasirika. Tokea siku hiyo njia ya wazee na njia ya Thuku zikaachana.

Hapa pana funzo kubwa kwa kila mwenye kushika muhuri wa chama. Kazi ya simu ilikuwa imemfundisha Thuku upesi. Alijua kwamba habari ifikayo London leo ni bora kuliko barua ifikayo baada ya mwezi. Hayo ni kweli. Lakini wazee hawakuishi kwa upesi wa waya. Wao huishi kwa shauri, na shauri huchukua muda. Yale aliyoyasema juu ya kodi na kipande yalikuwa ya haki, na wazee wenyewe waliyajua. Kilichowaondoa ni kusemewa bila kuulizwa. Mtu aweza kuwa na haki katika neno lake, akawapoteza wenziwe kwa namna ya kulisema.

Serikali ilimtaka achague kati ya kazi ya Hazina na kazi ya chama, naye akachagua chama. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye, tarehe 16, maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi. Wajumbe walikwenda kuonana na wakubwa, wakarudi na kuwaambia watu watawanyike. Ndipo mama mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliposimama mbele ya wanaume, akafanya tendo la kuaibisha lijulikanalo katika mila ya Kikuyu, akiwataka wanaume wampe suruali zao kama wao hawana ujasiri. Watu wakasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya Serikali ilisema waliokufa walikuwa 21. Wengine waliohesabu walisema ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Hakuwa na cheo katika chama, wala jina lake halimo katika orodha ya wenye ofisi.

Thuku alipelekwa Kismayu, kisha akahamishwa mahali mahali, hata akafika Marsabit. Alikaa uhamishoni karibu miaka 9. Aliporudi, vijana walitazamia kumwona yule yule wa mwaka wa 1922. Mwaka wa 1932 alichaguliwa kuwa rais wa Kikuyu Central Association. Lakini miaka hiyo ilikuwa imembadilisha. Alikuwa amekuwa mtu wa taratibu, apendaye kufuata sheria. Mwaka wa 1935, baada ya ugomvi na wenzake Jesse Kariuki na Joseph Kang'ethe, alijitenga, akaanzisha chama chake. Baadaye alikuwa mkulima hodari wa kahawa, akafariki mwaka wa 1970.

Wako waliomlaumu Thuku kwa kubadilika huko. Haitupasi sisi kumhukumu mtu aliyekaa miaka 9 mbali na nyumbani kwa ajili ya wenzake. Lakini jambo moja tulione. Chama kilikuwa kimelifanya jina la Thuku kuwa bendera, na bendera haitazamiwi kubadilika. Mtu hubadilika. Kufungwa, kuugua, kufiwa, kupata mali, kupata watoto, yote hayo humbadilisha mtu. Chama kilichojengwa juu ya mtu mmoja hubadilika naye au hupasuka. Kilichojengwa juu ya kanuni zilizoandikwa na mikutano iliyo wazi huweza kumwambia kiongozi wake wa zamani asante, na kuendelea.

WALIMU WA NYANZA NA CHAMA CHA USTAWI

Hadithi ya tatu inakihusu hasa chama kama chetu, kwa kuwa ni hadithi ya chama cha ustawi. Tarehe 23 Desemba 1921 palifanyika mkutano mkubwa huko Lundha, katika Gem. Waliouita walikuwa walimu na wasomi, wengi wao wa shule ya Maseno iliyoanzishwa mwaka wa 1906. Wakaanzisha Young Kavirondo Association. Mwenyekiti Jonathan Okwirri, katibu Benjamin Owuor, mweka hazina Simeon Nyende. Watu wa kawaida walikiita Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Jina hilo ni somo peke yake, kwani halikusema Okwirri amesema wala wasomi wamesema.

Walitaka kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, kambi za vibarua zifungwe, watu wapewe hati za ardhi zao, na Serikali ijenge shule katika Nyanza. Tena walitaka nchi isiitwe Koloni, jina lililowatia hofu juu ya ardhi tangu lilipotangazwa mwaka wa 1920. Julai 1922 Gavana Northey alikwenda mwenyewe kuonana nao. Jambo la kambi walikubaliwa, lakini lile la kuondoa jina la Koloni hawakukubaliwa. Tuwalinganishe na wenzao wa Nairobi. Miezi minne tu ilikuwa imepita tangu damu imwagike mbele ya kituo cha polisi. Walimu hawa walikuwa wamezoea kukaa na watu wazima na watoto darasani, kueleza jambo kidogo kidogo na kuvumilia maswali. Waliongoza mkutano wa maelfu bila mtu hata mmoja kupoteza maisha yake.

Mwaka wa 1923 Archdeacon W. E. Owen wa kanisa la Kianglikana alikubali kuwa rais wa chama, na jina likageuzwa kuwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association. Tangu hapo kazi ya chama ikageuka pia. Wanachama waliahidi kuua panya, kupanda miti, kuchimba vyoo, kusafisha nyumba na kujiepusha na ulevi. Malalamiko hayakuachwa, ila yaliandikwa katika barua za adabu na kupelekwa kwa njia ya rais. Owen mwenyewe hakuwa mwoga. Aliandika magazetini juu ya kazi ya kulazimishwa, hata walowezi wakamchukia na kumpa majina mabaya.

Wako wanaosema kwamba mabadiliko hayo yalikuwa hila ya kuwanyamazisha watu, wapewe panya wa kuua badala ya ardhi ya kudai. Wengine husema palikuwa na faida, kwani tauni huletwa na panya, na mtoto aliyekufa kwa tauni hana haja ya hati ya ardhi. Ukweli una pande zote mbili. Kazi ya ustawi si kazi ndogo. Mtu aliyechimba choo chake kwa ahadi aliyoitoa mbele ya wenzake amejifunza kutimiza ahadi, nalo ni jambo la kwanza katika uongozi. Ubaya haukuwa katika vyoo wala miti. Ulikuwa katika mlango mmoja. Kila neno lilipita kwa mtu mmoja, tena mtu ambaye wanachama hawangeweza kumwuliza sana. Chama kilipozoea kusemewa na Archdeacon, kikasahau kusema chenyewe. Baadaye kilianza kugawanyika, na kabla Owen hajafariki mwaka wa 1945 nguvu zake zilikuwa zimekwisha kupungua sana.

Yatupasa kujiuliza swali hili bila kuoneana haya. Je, chama chetu kina mlango mmoja? Yupo mfadhili, au mbunge, au tajiri mmoja, ambaye bila yeye hatuwezi kupata fedha za bamba la paa? Mfadhili ni baraka, tumheshimu na kumshukuru. Lakini akiondoka kesho, je, katibu wetu ajua kuandika barua, na mweka hazina ajua njia ya benki?

MWALIMU ALIYESHIKA KISANDUKU CHA FEDHA

Mwalimu mwingine wa Maseno alikuja baada yao, naye ni Oginga Odinga, mzaliwa wa Bondo, aliyesoma Alliance na Makerere. Alipokuwa akifundisha aliona kwamba maduka na nyumba za biashara katika miji ya Nyanza yalikuwa karibu yote mikononi mwa wengine. Waafrika walikuwa na fedha kidogo kidogo, lakini kila mtu ameficha zake. Tena palikuwa na hofu. Watu wengi walikuwa wamekwisha kutoa fedha kwa makampuni ya ndugu zao, wasione faida wala mtaji. Neno kampuni lilikuwa limekuwa kama neno la hila.

Odinga na wenzake walianza na chama kidogo cha kuweka akiba huko Bondo, na kutoka hapo likaanzishwa shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, lililoandikishwa mwaka wa 1947. Walifungua duka Maseno, wakawa na kiwanda cha kupiga chapa, na wakajenga Kisumu nyumba iliyoitwa Ramogi House. Kwa mtu wa siku hizi nyumba moja ya mjini yaweza kuonekana kitu kidogo. Kwa watu wa wakati ule, kuona jengo katika barabara ya Kisumu lililojengwa kwa shilingi za wakulima, wavuvi na makarani, kulikuwa ni hoja ambayo haikuhitaji hotuba.

Aliwezaje kuondoa hofu? Si kwa matangazo. Alikwenda kwa watu. Alisafiri katika Nyanza na katika miji ya Afrika Mashariki walikokuwa wafanya kazi Waluo, akakaa nao, akawaeleza, akawaomba wanunue hisa, kisha akarudi tena kwao. Mwalimu anajua kwamba mwanafunzi haelewi mara ya kwanza. Mwaka wa 1953 alichaguliwa kuwa Ker, kiongozi wa Luo Union, akashika cheo hicho hata mwaka wa 1957 alipochaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Yaliyofuata, umakamu wa Rais tangu 1964, kujiuzulu mwaka wa 1966 na kuwekwa kizuizini mwaka wa 1969, ni historia ya taifa zima, wala si lazima kuirudia hapa.

Kwa chama chetu inatosha kuona mwanzo wake. Imani ya fedha haipatikani kwa kusema mimi ni mwaminifu. Hupatikana kwa kurudi. Anayekusanya michango Januari, akarudi Aprili na daftari mkononi ingawa hakuna aliyemwita, huyo Julai hatahitaji kubembeleza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisichoonyeshwa watu huonekana kitupu hata kikijaa.

MKAGUZI WA AFYA

Wa mwisho ni kijana kuliko wote. Tom Mboya alizaliwa mwaka wa 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi. Alikuwa Mluo aliyekulia miongoni mwa Wakamba na Wakikuyu, akazijua lugha zao tangu utotoni. Alisoma Kabaa, Yala na Mang'u, lakini karo ikakosekana, ikambidi aache masomo. Akaingia chuo cha kufundisha wakaguzi wa afya huko Kabete, na mwaka wa 1951 akaajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi.

Yeye mwenyewe alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1963 kwamba siku moja alikuwa peke yake ofisini, akaingia mwanamke wa Kizungu, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu mle ndani. Wengi wetu wenye umri mkubwa tumepata kuulizwa maswali ya namna hiyo. Tena aliona kwamba mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Angeweza kukasirika na kuacha kazi. Badala yake aliwakusanya wafanya kazi wa Baraza, wakaanzisha chama chao cha wafanya kazi.

Wakati huo Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa, Oktoba 1952, na mwaka wa 1953 chama cha siasa cha KAU kilipigwa marufuku. Viongozi wengi walikuwa kizuizini. Mwaka huo huo wa 1953 Mboya, akiwa na umri wa miaka 23, alichaguliwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi, ambalo baadaye liliitwa Kenya Federation of Labour. Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alikwenda, akawaomba warudi kazini wakati yeye akibishana na waajiri kwa niaba yao. Si jambo jepesi kumwambia mtu mwenye njaa na hasira arudi kazini kwa ahadi ya kijana. Walirudi, shauri likapelekwa kwa mwamuzi, wakapata nyongeza ya mshahara.

Mkaguzi wa afya hufundishwa kuingia katika nyumba ya mtu asiyemwalika, kutazama taka zake, na kutoka bila ugomvi, tena akiwa na orodha ya mambo yanayopaswa kutengenezwa. Ndiyo kazi Mboya aliyoifanya mbele ya waajiri. Hakuingia na matusi. Aliingia na orodha. Naye alipokwenda kwa wafanya kazi, kila mtu alimsikia kwa lugha aifahamuye. Mwaka wa 1959 aliongoza mpango wa kupeleka vijana kusoma Marekani, na ndege ya kwanza ilichukua wanafunzi 81. Yeye ambaye karo ilimkatisha masomo aliwafungulia wengine mlango ambao kwake ulifungwa. Aliuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, hajatimiza miaka 39.

Uchungu wa kifo hicho uliigawa nchi kwa kabila, jambo ambalo maisha yake yote yalikuwa yakilipinga. Tunalitaja kwa sababu vyama vingi vya ustawi, pamoja na vile vya watu wa nyumbani mamoja, huishi karibu na hatari hiyo. Kusaidiana kwa watu wa kwetu ni jambo jema. Kuwanyima wengine haki yao kwa sababu si wa kwetu ni jambo lingine kabisa, na kiongozi mwema hujua mpaka uliopo kati ya hayo mawili.

TUCHAGUE NAMNA GANI?

Basi turudi kwenye mabishano yetu. Shule, mvi au duka? Katika watu hawa, yupo aliyeongoza bila kusoma, yupo aliyeongoza kijana, yupo aliyeongoza baada ya kutoka kifungoni. Hakuna kazi iliyo peke yake shule ya uongozi, wala hakuna maisha yasiyoweza kuwa shule. Mzee aliyekuwa mpishi wa hoteli kwa miaka 30 anajua kugawa chakula kidogo kwa watu wengi. Mama aliyeuza sokoni anajua nani hulipa na nani hukopa asirudishe. Kondakta wa basi anajua kusema na mtu mwenye hasira. Tusiwaulize tu vyeti vyao. Tuwaulize maisha yao yamewafundisha nini, na wamekitumia namna gani kwa faida ya mtu mwingine.

Tena tuulize kila mmoja amepungukiwa nini, ili tumweke karibu na mwenzake aliye nacho. Mwenye haraka akae na mwenye subira. Ajuaye kuandika akae na ajuaye watu. Laiti Thuku na wazee wa Kiambu wangalikaa meza moja kwa muda mrefu zaidi, pengine nchi ingaliona mambo mengine. Halmashauri ya chama si mahali pa kuwapanga watu wanaofanana. Ni mahali pa kuwaunganisha wasiofanana, ili upungufu wa mmoja ufunikwe na wingi wa mwingine.

Kura zitakapopigwa katika mkutano mkuu, wapo watakaoshinda na wapo watakaoshindwa. Atakayeshinda asidhani kwamba chama kimekuwa chake. Atakayeshindwa asidhani kwamba elimu ya maisha yake imekataliwa. Mary Muthoni Nyanjiru hakuwa na cheo chochote. Nasi tuliobaki, tusiopigiwa kura wala kushika daftari, tuna kazi yetu pia: kuhudhuria, kuuliza, kusoma hesabu, na kutoa ada yetu kwa siku yake. Kiongozi hulelewa na wanachama wake, na chama kisichouliza maswali kinamlea kiongozi asiyejibu.